Kichwa cha Binti Yangu na Kikao cha Ukoo

Binti yangu alipigwa teke na punda huko kijijini Choma, alipokwenda likizo kwa babu yake. Hospitali ya mjini Tabora walimwokoa, ila mfupa wa juu ya sikio ulikuwa umesagika na kuingia uchafu, wakautoa. Akarudi nyumbani na shimo kichwani lililofunikwa na ngozi tu, pamoja na amri: asikimbie, asiruke, asianguke. Mtoto wa darasa la kwanza! Si wangemwambia na mbuzi asile majani.

Alipopona kidonda, daktari bingwa alituita mimi na mume wangu, akatueleza vifaa vya kuziba pale. Kuna titani, chuma chepesi kisichoshika kutu. Kuna plastiki maalumu ya hospitali. Na kuna mfupa wake mwenyewe: wanakata kipande upande wa pili wa fuvu, wanakipasua katikati kama andazi, nusu inarudi ilikotoka, nusu inaziba shimo.

"Huo ndio unaokua naye," akasema. "Vile vingine havikui, na yeye bado ana safari ndefu. Ila lazima tufungue pahala pazima."

Akatuambia tukafikirie. Kwetu, jamani, kufikiria si kazi ya watu wawili. Mume wangu akaita kikao cha ukoo, na kichwa kimoja kidogo kikapata wenye kauli wa kujaza sebule, viatu vimetapakaa hadi barazani.

Kaka yangu, fundi bati mjini, alikuja na tiba mkononi: kipande cha alumini alichokwisha kukigonga kikabonyea vizuri, kingo kazisugua. Akambandika mtoto kichwani kupima. Kilimkaa, hilo sikatai. Nikamuuliza kama ataweka na mkono wa kushikia, kama sufuria.

Baba mkwe akakohoa. Yeye ni mfugaji, na kwake hakuna shida isiyo na ng'ombe ndani yake. "Vyuma vya nini, na mifupa ipo? Mimi natoa dume." Ukarimu ulioje! Shangazi yangu akasimamisha tasbihi, akauliza nani atachinja, maana nyamafu haiingii kichwani kwa mjukuu wake. Ee, pakachimbika! Wakwe zangu ni watu wa kanisani, wakataka kujua kisu chao kina kasoro gani. Waligombania shingo ya dume lile mpaka chai ikapoa, na daktari hakuwa ametaja ng'ombe hata kwa bahati mbaya.

Niliwachukia wote. Niliwachukia kwa sababu nilijua wanakimbia nini, na mimi nilikuwa nakimbia hicho hicho: lile neno "pazima". Upande mmoja tu wa kichwa cha mwanangu ulikuwa salama, halafu mimi mama mtu niseme: haya, kateni na huo? Sufuria na ng'ombe ni rahisi kujadili.

Nikasimama. "Mfupa wake mwenyewe," nikasema. "Na asiyekatwa fuvu anyamaze."

Wakaanza kutafuta viatu vyao. Mume wangu akaninong'oneza, "Bora umesema wewe." Baba mwenye nyumba huyo, mashallah.

Upasuaji ulifanyika katika hospitali kubwa ya rufaa, mbali na nyumbani. Walinirudishia mtoto amelala, kichwa chote bandeji. Tangu aumie, kila alipolala nililaza kiganja juu ya lile shimo, nikahisi ubongo ukidunda chini ya ngozi, ndipo moyo wangu ukatulia. Nikalaza kiganja. Hakuna kilichodunda. Nikapiga ukunga wodi nzima ikaamka: "Mwanangu amekufa!"

Muuguzi akaja mbio. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Mama, anapumua, muone kifua. Hapo sasa pana mfupa. Hutausikia tena ule mdundo."

Binti yangu akafumbua jicho moja. "Mama, toa mkono."

Nikautoa. Sikujua niuweke wapi.