Trou Kwenye CV Yangu

Kwenye kampuni moja ya washauri, pale mtaani Birere, bwana mmoja wa kuchagua wafanyakazi alisoma CV zetu sisi waombaji kazi na rula mkononi. Aliiteremsha mwaka kwa mwaka, na palipokosekana mwaka mmoja, karatasi yako ilitupwa chini ya meza. Kwangu rula ilisimama.

“Mama, hapa kuko trou.”

Trou, shimo, ndivyo walivyoita mwaka usiokuwa na kazi. Mwaka ule volkano ilikula nyumba yetu pamoja na diploma yangu, na mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Nani angeniandika kazi? Nilishika nyundo, nikapasua mawe ya lava na wamama wenzangu ili watu wajenge tena.

“Weka hata stage ya uongo, useme ulikuwa unajifunza kazi mahali,” akasema kwa huruma. “Wote wanaweka.”

Huruma hiyo ndiyo iliyonichoma.

“Siweki uongo, papa. Geuka nyuma.”

Akageuka. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa mawe meusi ya lava, haujapakwa hata rangi.

“Mwaka yangu ni ile pale. Umeiegemea tangu asubuhi.”