Colman na Ugeni wa Jumamosi

Kila jioni baba mdogo Colman hufungua dirisha la jikoni, husikiliza mawimbi yanavyopasuka ufukweni, kisha hulifunga. Jumamosi ile alisikiliza muda mrefu. Upepo wa siku tatu ulikuwa umetulia na mawimbi bado makubwa. Usiku wa namna hiyo besi, wale samaki wakubwa wa baharini, huja kula mpaka miguuni pa mvuvi.

Lakini wazazi wa mchumba wa Gráinne, binti yake, walikuwa wanakuja kula.

“Ukithubutu kutoka mezani, Colman, utalala na hao samaki wako,” alisema mama mdogo Bríd.

“Nimeshasema nipo, mke wangu. Nipo.”

Akakaa na tai shingoni, akakata nyama ya kondoo, akamuuliza mgeni, baba wa mchumba, habari za ng’ombe wake kule Listowel. Mgeni alipofikia ng’ombe wa nne, Colman akasimama.

“Naleta makaa.”

Ndoo ya makaa ilikuwa pale pale kando ya moto, imejaa pomoni. Sote tuliiona. Mama mdogo akawaongezea wageni viazi.

“Makaa yenu yako mbali?” mgeni akauliza baadaye.

“Mbali kidogo,” mama mdogo akajibu.

Wakanywa chai, wakavaa makoti, wakaaga. Colman hakurudi.