Usingizi wa Adhuhuri wa Mama Aicha

Mama Aicha, muuza vitumbua wa soko la Kasongo, ana ulimi mkali kiasi kwamba hata kifo hakikumwokoa mumewe. Ugomvi wao uliendelea miaka miwili baada ya mazishi, na kila mara ni yeye mwenyewe aliyeuanza.

Mumewe, Djamali, alikuwa akipeleka vitenge Salamabila kuwauzia wachimba dhahabu na wake zao. Asubuhi ya safari yake ya mwisho, Mama Aicha alitoka jikoni akaona sufuria yake kubwa, ile yenye mfuniko, imefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki. Hakuombwa wala hakuambiwa. Sasa, kwetu msafiri haagwi kwa maneno matupu. Mke hubeba begi la mumewe mpaka barabarani, na kurudi si hiari yake: msafiri ndiye anayepokea begi na kusema, "Rudia hapa." Siku hiyo Mama Aicha hakubeba kitu. Alirudi jikoni, akakaa juu ya kibao chake, akanuna.

"Aicha, niko naenda!" Djamali alimwita mkewe kwa jina.

"Enda na sufuria yako. Ile ndiyo itakusindikiza."

Djamali alisubiri kidogo, akakohoa, kisha pikipiki ikaondoka. Huko Salamabila homa ikamkamata, na huko huko akazikwa. Sufuria nayo haikurudi.

Ndipo Djamali alipoanza kumjia mkewe ndotoni. Si usiku, maana usiku Mama Aicha hulala kama gogo. Alimjia adhuhuri, baada ya sala, akiwa amejinyoosha mkekani kupumzisha mgongo. Alimkuta ameketi uani, kofia kichwani, mzima kabisa. Mke mwingine angelia kwa furaha. Mama Aicha aliuliza, "Sufuria iko wapi?" Djamali akifungua kinywa, anakatizwa. Basi ni kelele juu ya kelele mpaka anaamka jasho likimtoka, na lile neno alilotaka kumwambia bado hajalisema. Kwa maana alikuwa nalo neno, na lilimuuma: alitaka kumwomba radhi. Tatizo ni kwamba akiwa ndotoni alisahau kabisa kuwa mtu huyu amekufa. Alimwona kama mume aliyerudi mikono mitupu.

Majirani hawakusikitika sana. Kwetu marehemu akikutembelea ndotoni, unapika sadaka na kuwalisha wa mtaani, na Mama Aicha hana mkono wa birika. Alipika wali, alichinja kuku, alitwanga sombe, yale majani ya muhogo. Mtaa ukanawiri. Julienne, jirani wa upande wa pili wa ua, Mkatoliki wa kwaya, alikuwa wa kwanza kufika na sahani, akisema wali hauna dini. Wiki ikipita bila ndoto, aliuliza kwa huzuni ya kweli, "Mama Aicha, mzee alitusahau?"

Aliyeleta elimu mpya ni Cécilia, binti wa Julienne, aliyekuwa amerudi likizo kutoka masomoni Kindu. Alikuwa amesoma katika simu yake kwamba mtu anaweza kujifunza kujua kuwa anaota, hali bado anaota.

"Mama, muchana yote uangalie mikono yako, ujiulize: hii ni ndoto? Ukizoea, utajiuliza hata mu ndoto. Kule mikono haikaake sawa. Hapo utajua."

"Na nikijua?"

"Usifurahi sana, utaamuka. Usikasirike pia. Usugue mikono pole pole, ndoto itakaa."

"Usikasirike!" Julienne alirudia, akacheka mpaka akashika ukuta.

Mama Aicha alianza kesho yake. Akigeuza vitumbua, mara anasimama, anavikodolea macho viganja vyake. Wateja nao wakaanza kuvikodolea macho vitumbua.

"Mama Aicha, kuko nini mu mikono?" aliuliza mwendesha pikipiki mmoja.

"Niko naangalia kama ni ndoto."

"Kama ni ndoto, basi silipi."

Akaondoka na viwili. Mama Aicha alikuwa bado hajamaliza kuhakikisha, na alipohakikisha, pikipiki ilikuwa imeshapinda kona.

Mara ya kwanza alipofaulu, aliona ndotoni kidole chake kimerefuka kama mwiko. "Niko naota!" alipiga kelele, kwa furaha iliyomwamsha yeye na kuku wa Julienne. Mara ya pili alijua, akasugua mikono vizuri, ndoto ikakaa. Kisha akaona Djamali amekanyaga mkeka kwa viatu. Akaamka akiwa katikati ya tusi. Julienne alifika na sahani, akaambiwa sadaka hakuna, mama bado yuko masomoni. Siku hiyo Cécilia alisemwa na mama yake kwa kuleta mambo ya shule mtaani.

Halafu ikaja adhuhuri moja ambapo Djamali hakuketi. Alikuwa amesimama uani, begi miguuni. Mama Aicha akaangalia mikono yake: kidole gumba kilikuwa upande usio wake. Akajua. Moyo ulitaka kuruka, akausihi ukae. Akasugua viganja pole pole, kama anayepangusa unga. Ua ukatulia. Akainama, akabeba begi.

Walitoka wakapita msikiti, wakashika barabara. Alikuwa ameshalipanga neno lake vizuri. Akafungua kinywa, likatoka lingine.

"Sufuria ya mutu inaombwaka, mzee wangu."

"Ningeomba, ungekatala."

"Ningekatala kabisa!"

Djamali akacheka, kicheko kile kile cha puani. Safari hii Mama Aicha alijua wazi kwamba anagombana na maiti, na akaendelea kugombana, kwa sababu utamu wa kugombana naye alikuwa ameusahau. Waligombana mpaka nyumba za mwisho za mji. Hapo sauti yake ikapungua.

"Unisamehe. Sikukusindikiza."

"Na sasa uko unafanya nini?"

Akanyoosha mkono, akapokea begi. "Rudia hapa, Aicha."

Viganja vya Mama Aicha vilikuwa bado na joto. Angevisugua tena, barabara ingeendelea, na yeye angeendelea nayo. Cécilia alikuwa amemfundisha vizuri. Lakini msafiri alikuwa amesema. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, Mama Aicha alitii bila kujibu. Akaiacha mikono ianguke, akageuka.

Alipofungua macho, Julienne alikuwa mlangoni.

"Alikuja?"

"Alikuja."

"Aliomba nini?"

"Hakuomba kitu. Nilimusindikiza mpaka mwisho wa mji, akaniambia nirudie."

Julienne akaificha sahani nyuma ya kitenge chake, akaingia, akaketi mkekani karibu naye. Walilia kidogo, wote wawili. Kisha Mama Aicha akajifuta uso, akaiona ile sahani.

"Leta hapa," alisema. "Nilitembea sana leo. Niko na njaa."

Akaenda jikoni, akabandika wali katika sufuria ndogo, ile iliyobaki.