Redio Ilipotutafuta Nyuma ya Minyaa

Enzi zetu, wenzangu mliokulia jirani na Mwadui, redio haikuwa ya mtu mmoja. Baba aliinunua kwa mshahara wa mgodi wa almasi, lakini ikifika jioni ilikuwa ya kijiji kizima. Wanaume walijaa uani, mbele yao Guku, babu yangu mzaa baba, na mimi miguuni pake. Michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ilipita mkono kwa mkono, na ole wako ukohoe.

Mama hakukaa pale. Mke wa mtoto hakai baraza moja na baba mkwe, ndiyo adabu tuliyolelewa nayo. Yeye na wanawake wenzake walikaa nyuma ya ua wa minyaa, wakingoja kipindi cha akina mama. Mama alikipenda kuliko nyama, nawaambia kweli.

Siku moja akaja bwana kutoka redio ya Dar es Salaam, soksi hadi magotini, kutaka kujua ni akina nani wanaosikiliza. Tulistaajabu. Kumbe ile sauti nayo ilitaka kutujua sisi! Akatugawa: wazee huku, vijana kule, waliosoma pembeni. Halafu akatikisa kichwa.

"Huku wanawake hawasikilizi. Nitashauri kipindi chao kiondolewe."

Nikamwonea mama uchungu. Hakuweza kumjibu mgeni mbele ya mkwewe, basi akamwambia mdogo wangu aliyembeba mgongoni, kwa sauti ya kufika Shinyanga mjini: "Mwanangu, kumbe sisi tunaokaa huku kila jioni ni mbuzi?"

Guku hakugeuka. "Mgeni, zunguka huko nyuma. Wasikilizaji wako wengine wako huko."

Bwana akazunguka, akawakuta tele. Mama akamwambia, "Kipindi msikiondoe. Ila huyo mama anayesoma, mwambieni apunguze mwendo. Kiswahili sisi tumejifunza ukubwani."

Wiki zikapita. Jioni moja nimekaa na mama, kipindi kikaanza, na yule mama wa Dar es Salaam akasoma polepole, neno kwa neno. Mama alijiziba mdomo kwa kanga, machozi yakimtoka. Sikuwahi kuona mtu wa kwetu akisema neno, na sanduku likatii.

Leo wajukuu zangu hapa Geita wanajigamba kwamba simu zao zinawajua, zinawaletea wanachopenda kabla hawajaomba. Haya. Lakini watangazaji wao wanasema kama watu waliokurupushwa na nyuki, na nikilalamika wananicheka: "Bibi, sasa utamwambia nani?"

Kweli, simjui wa kumwambia. Yule wa mama yangu alikuja mwenyewe hadi pale mama alipoketi, akamsikiliza.