Jinsi Nilivyoitetea Gravité Juu ya Paa la Kadutu

Mimi shule niliiacha mwaka wa nne wa primaire, na sijawahi kuiomba msamaha. Parabole zote, yale masahani ya televisheni, unazoziona ukisimama juu ya Kadutu, mtaa wetu wa mlimani, na kuangalia chini, nusu nilizifunga kwa mikono hii, na nusu nyingine zilifungwa na watu walioniibia ufundi. Hata kwa mapadri wa upande wa Katana nimepanda paa. Kwa hiyo siku maman mmoja, mwenye nganda ya bia na samaki karibu na soko, aliponipigia simu kwamba parabole yangu imekufa, nilijua mara moja. Parabole yangu haifi. Inauawa.

"Papa, njo mbio," alisema. "Match iko quinze heures, saa tisa hii, batu wamejaa mpaka kwa ngazi. Kama picha haiko, leo ni mwisho wako hapa. Nitaita ule fundi mwengine."

Nganda ile ndiyo bango langu, soko zima linapita pale. Nikiipoteza, nimepotea.

Nilimkuta kaka yake maman, ambaye sisi wote tunamwita Tonton, ameketi kwa raha. Tonton alimaliza université; diplôme yake imetundikwa juu ya friji. Asubuhi alikuwa amepanda paa akaigeuza parabole, ikaangalia kilima chenye minara ya simu.

"Tonton, nani alikutuma?"

"Akili. Umeifunga inaangalia mawingu kama sahani ya kuomba mvua! Mu picha za Ulaya, zote zinaangalia pembeni. Kule yulu hakuna kitu. Satelite gani itakaa hewani miaka yote? Nani anaishika?"

"Gravité. Ile nguvu ya dunia ya kuvuta vitu."

Alicheka mpaka akaweka chupa chini. Mwezi mzima alikuwa akitazama video za mtu fulani kwenye simu.

"Gravité ni uongo! Sayari zinasukumwa na courant, umeme wa angani. Vitu vya huku vinashuka kwa sababu viko vizito, basi. Hakuna kinachovuta."

Watu wakageuza viti. Match ilikuwa bado nusu saa, na hii ilikuwa ya bure.

Jambo hili nilielezwa na padri mmoja nikiwa juu ya bati lake, kisha mimi nikaliboresha. Nikachukua avoka, yaani parachichi, mezani kwa maman.

"Sikilizeni. Hii nikiitupa kidogo, inaanguka kwa jirani. Nikiitupa kwa nguvu, inaingia ziwani. Nikiongeza, inavuka mto Ruzizi bila kuonyesha karatasi ya jeton mpakani. Kila mara inaanguka, lakini dunia ni mviringo, inazidi kuinama chini yake. Sasa niitupe juu zaidi ya upepo wote, kwa nguvu kabisa: inaanguka, inaanguka, haipati pa kuangukia. Inazunguka. Mwezi ni hivyo, na dunia kwa jua ni hivyo. Satelite yetu nayo ni hivyo, ila inakwenda sawasawa na dunia inavyojizungusha, ndiyo maana kwetu ni kama imesimama. Sisi tuko karibu na ikweta, iko karibu juu ya vichwa vyetu. Ulaya wanaichungulia kwa mbali, pembeni."

"Kwa hiyo inaanguka," akasema Tonton.

"Inaanguka."

"Batu, mumesikia? Fundi wenu anasema inaanguka!"

Nganda ikapasuka kwa kicheko. Mzee mmoja akahamisha kiti chake kutoka uani, akakiweka chini ya bati. Maman akaninyang'anya avoka.

Nikapanda. Tonton akapanda nyuma yangu, kulinda ukweli. Nikaigeuza parabole kuelekea juu, polepole, mpaka chini wakapiga kelele: "Picha! Iache hapo!" Nikamwambia Tonton ashike, nikaze. Hapo ekrou, kile kichuma kidogo kinachobana kila kitu, kikanitoka vidoleni. Mimi, ambaye siangushi kitu! Na Kadutu ukiangusha, hujaangusha kwako, maana paa la huyu liko miguuni pa yule. Tukasikia ting, kwa jirani. Ting, kwa jirani wa jirani. Ting ya mwisho ilikuwa mbali sana.

"Kilikuwa kizito tu," Tonton akanong'ona. "Hakikuvutwa."

"Shika hiyo parabole."

Ilikuwa Jumapili, maduka ya vyuma yamefungwa. Tonton akashika. Kila alipolegea, picha ilikatika vipande na dada yake akapaza sauti: "Yaya, kaka yangu, ukiacha hiyo kitu, leo hautakula hapa!" Dakika ya ishirini akaniita.

"Papa, nisaidie. Mikono inashuka."

"Inashuka namna gani? Hakuna kinachovuta."

"Iko nzito!"

"Ipunguzie uzito. Wewe ndiye université."

Jasho lilimwingia machoni. Akaangalia mbingu, akaangalia chini.

"Kuna kitu kinaivuta," akasema polepole.

"Sema kwa nguvu, maman asikie."

"Kuna kitu kinaivuta!"

Wakati uleule goli likaingia. Nganda nzima ikalipuka kwa kelele, na hakuna aliyesikia ila mimi. Basi nikatoa waya wa kufungia, ambao nilikuwa nimeusahau kidogo mfukoni, nikaikaza parabole.

Tuliposhuka, watu walimbeba Tonton begani. Walisema ni courant ya mwili wake iliyoleta picha. Maman akaniwekea bia mbele yangu.

"Papa, wewe ndiye fundi wangu, ule mwengine simuiti tena," akasema. "Lakini siku za match, njo na Tonton."