Nilivyompandisha Owor kwenye Mizani ya Pamba

Sitaki kujificha: aibu hii ni yangu, nimezunguka nayo Busia, Malaba, Majanji, kila nilikohamia, na bado haijanichoka. Mwaka ule nilikuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununua pamba huko Sop Sop, na kabla ya kupima gunia ilinipasa kuzamisha mkono ndani yake mpaka kwapani kutafuta unyevu, kwa sababu maji yana uzito na watu wana ujanja (nilijiona hakuna awezaye kunidanganya).

Basi nikapata chati. Ilitoka zahanati ya kampuni moja, ikionyesha mtu wa kimo fulani anapaswa kuwa na ratili ngapi, nami msomi wa sekondari nikaibandika ukutani, nikaanza kupima watu bila hata kuombwa. Wa kwanza alikuwa Wandera, mpakiaji wetu kutoka Busia, mtu wa misuli mitupu. Chati ikasema amenenepa kupita kiasi. "Karani, mafuta iko wapi?" akauliza, akanitupa begani kama gunia, akanizungusha uwanja mzima watu wakicheka mpaka machozi. Hapo ndipo nilipopaswa kuichana ile karatasi. Badala yake nikatafuta mtu wa kunirudishia heshima.

Rafiki yangu Owor alikuwa ameketi juu ya pamba yake akihema. Mkewe, Nyafwono, alikuwa amembembeleza wiki nzima, mpaka akakubali kwamba wakishauza waende hospitali Tororo. "Panda, Owor," nikasema. Akapanda. Miaka yote alikuwa mwembamba. Leo ratili zake ziliangukia katikati kabisa, penye watu wenye afya.

"Shemeji, mtu mzima hivi unampeleka hospitali?" nikatangaza. Watu wakapiga makofi, mmoja akamtania Nyafwono kwamba anataka tu kutembea mjini.

"Viatu haingii," Nyafwono alisema. "Miguu yake nafura."

Nikamjibu kwamba huko ni kushiba (mpaka leo jibu hilo hunitoa jasho). Owor, aliyeogopa sindano kuliko chui, alishuka akicheka. "Umesikia? Karani amesoma. Twende nyumbani."

Wiki tatu baadaye tulimfikisha hospitali amebebwa kitandani. Daktari alimkandamiza kidole kwenye muundi, shimo likabaki palepale kama kwenye unga uliokandwa. Ni maji, alisema, moyo umechoka. Ondoa maji haya, huyu ni mifupa mitupu. Akauliza kwa nini tumemchelewesha. Owor hakumaliza siku nne.

Matangani nilisimama kutoa pole kwa niaba ya kituo, shati jeupe, hotuba mkononi. Nyafwono hakuningoja nifungue mdomo, wala hakupaza sauti.

"Bwana Karani, pamba yangu ulirudisha mara mbili. Ulisema iko na maji. Mkono uliingiza mpaka hapa." Akagusa kwapa lake. "Mume yangu, hata mguu hukugusa."

Uwanja mzima ulinigeukia. Wandera peke yake aliangalia pembeni, na hilo liliniuma zaidi. Niliikunja hotuba, nikaondoka, na mwezi haukuisha kabla sijaacha kazi ile. Sitampandisha mtu kwenye mizani tena. Na siku hizi nikiambiwa fulani kanenepa, kapendeza, sijibu. Nainama kwanza nitazame viatu vyake.