Nilimfungia Mke Wangu Nikisingizia Korona

Ndugu wasomaji, kosa ni langu, simtupii mtu mwingine. Jina nitalificha kwa sababu watoto wetu bado wanasoma hapa Tororo.

Mimi ni dereva wa taksi, Tororo hadi Busia. Miaka yote nilikuwa natoka nyumbani gizani. Lokidauni ilipokuja, magari ya abiria yakasimamishwa, ndipo nikagundua kwamba mke wangu huamka mapema, hujifunga leso nzuri, kisha hutoka.

Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema ana presha, na daktari alimwambia atembee kila asubuhi. Eti aliniambia zamani, mimi nikawa nachezea simu. Sikumwamini. Tangu lini mtu akatibiwa kwa kutembea?

Siku moja nikamfuata kwa mbali. Nikamwona kando ya reli na jirani yetu, mwalimu mstaafu, wanacheka. Sikuwasogelea. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshapata jibu langu.

Kuanzia hapo geti nikalifunga, ufunguo ukakaa mfukoni mwangu. Nikamwambia askari wanapiga watu njiani. Askari walikuwepo kweli, lakini si wao niliokuwa nawahofia! Dawa zake zilipoisha, nikasema kliniki tutakwenda mambo yakitulia. Kliniki nayo niliiona kisingizio.

Akawa mtu wa kukaa tu. Miguu ikavimba, kichwa kikamgonga usiku na mchana.

"Baba watoto, niache nizunguke hata hapa nyuma ya nyumba," akaniomba.

Nikakataa, maana ua wa mwalimu uko huko nyuma.

Asubuhi moja kikombe cha chai kikamponyoka. Mdomo ukaenda upande. Gari langu lilikuwa pale uani, lakini ruhusa ya serikali ya kulitoa barabarani ikachukua nusu ya siku.

Hospitalini, wallahi naona aibu kuandika hivi, swali langu la kwanza lilikuwa: ni kweli huyu ana presha?

Daktari akanitazama. "Ya muda mrefu. Nani alimnyima dawa?"



Mke wa mwalimu alipokuja kutupa pole, akasema mumewe ana ugonjwa wa moyo, na walikuwa wakitembea wote watatu, pamoja na mke wangu. Nilipomtajia siku ile ya reli, akasema yeye alikuwa nyuma kidogo. Mimi niliona nilichotaka kuona.

Mke wangu alipona nusu. Anaongea kwa taabu, mkono wa kulia haushiki kitu. Mimi ndiye nampa dawa. Kila kidonge anakigeuza, ananitazama usoni, kisha anamwita binti yetu akiangalie kwanza. Miaka imepita, bado anafanya hivyo.

Wanaume wenzangu, mkeo akisema anaumwa, mpeleke hospitali kwanza. Wivu wako utausikiliza baadaye, akiwa mzima.